Oirase Haikuwa Kwenye Ratiba

Naruko, 11 Oktoba

Dada yangu Kinuyo,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani? Goti linakuruhusu kupanda ngazi ya kuchumia matufaha, au bado mnabishana? Huku mimi mzima na Yasuji mzima, ila moyo wangu unachemka kama birika.

Nakuandikia kwa sababu simu haiwezekani. Wewe husikii mpaka nipige kelele, na ndani ya kigari hiki hata nikimeza mate Yasuji anasikia. Tunalala tumebanana, sinki iko miguuni, sufuria zinaning'inia juu ya tumbo langu. Watu wanaona picha za wastaafu wanaozunguka nchi na gari la kulala wanasema, "Jamani, raha iliyoje." Waje walale na Yasuji.

Leo tumefika bonde la Naruko kuangalia majani yanavyogeuka mekundu. Dada, kijani kitupu! Mlima mzima kijani kama mwezi wa sita. Mama mmoja anayeuza uyoga hapo barabarani alimwambia Yasuji kwa heshima zote, "Mzee, rudini mwisho wa mwezi, ndipo bonde linawaka." Unajua shemeji yako alimjibu nini? "Ratiba niliipanga tangu Machi." Mtu amestaafu kupanga treni, sasa anapanga majani. Akapiga picha ya daraja kupitia kioo cha mbele, akatazama saa, akawasha gari.

"Yasuji, hatujashuka hata."

"Bonde umeliona, hujaliona?"

"Nimeliona."

"Basi."

Mimi sikuomba mengi. Niliomba Oirase tu, nitembee kando ya ule mto chini ya miti, polepole, bila kuitwa. Jana ameifuta. Anasema maegesho ya huko yanajaa mno, ni fujo. Hakuniuliza. Niliona tu kwenye ramani imepigwa mstari.

Nijibu kupitia posta ya Hachimantai, waambie wanishikie barua. Tutafika huko tarehe kumi na saba, mkuu wa treni akipenda.

Mdogo wako,
Tamie


Ueda, 14 Oktoba

Mdogo wangu Tamie,

Salamu kutoka shambani. Goti ni lile lile. Matufaha yamekubali mwaka huu, na nyani nao wamesikia habari hizo, kila asubuhi wako ukutani wanasubiri nigeuke. Nawe afya yako je? Unakula vizuri au unakula kwa ratiba?

Barua yako nimeisoma mara mbili na nimekasirika mara mbili, ya kwanza kwa sababu ya Yasuji, ya pili kwa sababu yako. Tangu uolewe unaniandikia barua hii hii. Zamani ilikuwa mapazia aliyochagua yeye, ikaja shule ya mtoto, leo ni majani. Unanimwagia mimi, roho inatulia, unarudi kumpikia supu. Mimi ndiye ninayebaki na hasira zako huku, nazirusha kwa nyani.

Leseni unayo, tena ile ya dhahabu wanayopewa wasiowahi kufanya kosa. Utafanyaje kosa na wewe hujagusa usukani tangu siku ile ulipokwaruza nguzo ya lango lenu, akakunyang'anya ufunguo? Wewe uliyekuwa unateremsha kigari cha baba kwenye miinuko ya hapa, masanduku yamejaa mpaka juu, mimi nimekaa pembeni nimefumba macho! Mwambie, "Leo naendesha mimi, na tunakwenda Oirase." Ni hivyo tu. Hata kupumua katikati huhitaji.

Na kama huwezi kumwambia yeye, basi na mimi usiniambie tena. Nimechoka, Tamie. Nakupenda, lakini nimechoka.

Dada yako,
Kinuyo


Morioka, 20 Oktoba

Dada Kinuyo,

Habari za huko? Nyani wamekubakizia chochote? Usishtuke kwa haya ninayokuandikia. Yasuji amelazwa hospitali hapa Morioka. Hafi. Ni jiwe la figo, limemletea na homa, kwa hiyo wamesema atakaa kitandani wiki hivi.

Barua yako niliichukua posta nikaenda kuisomea chooni. Iliniuma sana. Nilitoka humo nimekukasirikia wewe kuliko yeye, tukapanda mlima wa Hachimantai bila kusemezana. Kule juu miti ilikuwa uchi. Majani yote chini, yamelowa, yamekuwa rangi ya chai iliyolala. Tulichelewa. Yasuji akatazama, akasema, "Mwaka huu yamewahi." Yaani hata hapo kosa ni la majani.

Nikafungua mdomo nimwambie maneno yako. Nilikuwa nimefika "Leo naendesha," ndipo alipoinamia usukani akatoa mlio kama ndama. Nikadhani ananifanyia dhihaka. Nikamwangalia, uso umekuwa kama jivu, jasho linamtiririka. Alijikaza akaliweka gari pembeni, basi. Ukungu kila upande, gari jingine halipiti, simu haina mtandao. Nikamburuta mpaka kwenye kiti changu, nikazunguka nikakaa kwake. Miguu haikufika kwenye pedali. Nilihangaika na kile kiti mpaka nikatamani kulia.

"Wewe huwezi," akasema, meno yanagongana.

"Funga mkanda."

Nikaondoka. Kona ya kwanza niliipita nimeacha kupumua.

"Breki! Tamie, breki!"

"Kona naiona."

"Weka gia ya chini! Utaunguza breki! Indiketa je?"

"Yasuji, nyamaza au shuka."

Akanyamaza. Miaka yote hii, dada, kumbe iliwezekana.

Nilishuka mlima wote nimeukamata usukani kwa mikono miwili. Mbele kule, karibu na bonde, miti ilikuwa bado na rangi, na mimi sikuweza kuiangalia maana macho yangu yalikuwa barabarani. Nikaingia mjini kwenye taa na malori na watu wa baiskeli. Mlangoni mwa hospitali tairi moja lilipanda ukingo, lakini nilimfikisha.

Sasa sikia. Jana daktari alimwuliza alifikaje huku na maumivu yale. Mimi nimesimama pale pale, nimeshika taulo lake. Akasema, "Mke wangu aliteremsha gari. Bahati njia yote ni mteremko." Daktari akacheka. Halafu Yasuji akanigeukia, akaniambia nitafute kampuni itume dereva alirudishe gari nyumbani, kwa sababu mimi mjini siwezi.

Nimelikunja taulo, nimemwekea chai karibu, nimemwambia muuguzi naondoka kidogo. Ufunguo uko mfukoni mwangu. Ukiniandikia, tumia posta kuu ya hapa Morioka.

Mdogo wako,
Tamie


Ueda, 24 Oktoba

Tamie, mdogo wangu,

Salamu baadaye. Uko wapi? U mzima?

Mumeo amenipigia simu jana asubuhi, jana mchana, na leo tena. Mara ya kwanza nilijifanya simsikii vizuri. "Shemeji, Tamie yuko kwako?" Nikamjibu, "Matufaha? Yapo tele!" Akapaza sauti mpaka nikasikia wagonjwa wengine wakimnyamazisha. "Tamie! Mke wangu!" Nikamwambia ya kijani bado, ila mekundu yapo. Nilicheka peke yangu mpaka nikaketi.

Leo sikucheka. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa kutwa anatazama mlango. Akasema amewauliza wauguzi wote, na wewe simu umezima. Akasema, "Sijui nimefanya nini." Hapo nilipandwa na hasira, nikasahau uziwi wangu. Nikamwambia yale aliyomwambia daktari, neno kwa neno. Kisha akasema, "Lakini njia yote ni mteremko kweli." Nikamkatia.

Ila wewe nawe! Nilikuambia uendeshe, sikukuambia upotee. Usiku silali. Nawaza mabonde, nawaza ukungu, nawaza kwamba barua yangu ndiyo iliyokutuma. Ukiipata hii nipigie. Piga kelele unavyotaka, nitasikia.

Dada yako,
Kinuyo


Morioka, 27 Oktoba

Dada yangu,

Najua umeshanisikia kwenye simu jana, na jirani zako wote wamenisikia. Lakini mengine hayapigiwi kelele, kwa hiyo acha nikuandikie. Mimi mzima. Goti lako lipumzishe, naja.

Oirase nilifika. Na unajua kilichoniudhi kwanza? Maegesho yalikuwa yamejaa. Fujo, kama alivyosema! Nilizunguka, nyuma wananipigia honi, mzee mwenye kofia ananipungia nisogee na nafasi ya kusogea hakuna. Nikajibana mahali, nikalikwaruza gari kwenye nguzo ya chuma, ubavu mzima. Nililala nikiwa nimejifunika mpaka kichwani, nalia kwa hasira, nikijua kabisa angesema nini.

Asubuhi nilishuka kabla watu hawajaja. Dada, sitajaribu kukueleza ile rangi. Maji yanapita juu ya mawe yenye utando wa kijani, na majani yanaangukia humo bila haraka, ya njano, ya kutu, mekundu kama makaa. Nilitembea mto mzima mpaka kwenye ziwa unakotoka. Nilifurahi. Lakini kila baada ya kitambo niligeuka nyuma kuangalia kama naitwa. Hakuna aliyeniita, na bado niligeuka. Hilo limeniuma kuliko mkwaruzo.

Leo wamemruhusu. Alitoka amepungua, shati limekuwa kubwa. Hakunisalimu, alikwenda moja kwa moja kwenye ubavu wa gari, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo mwanzo hadi mwisho.

"Ulipata pa kuegesha?"

"Kwa shida."

"Nilisema."

"Ulisema."

Akanyoosha mkono apewe ufunguo. Nikamwekea tiketi ya treni.

"Hii ni ya kwenda nyumbani," nikamwambia. "Mimi naenda Ueda kumsaidia dada kuvuna."

"Na gari?"

"Naenda nalo."

"Utarudi lini?"

"Sijapanga."

Aliigeuza tiketi mbele na nyuma kama mtu anayetafuta kosa. Akauliza wali atapikaje. Nikamwambia kile chungu cha umeme kina kitufe kimoja tu, naye amepanga treni za watu milioni.

Nikamsindikiza mpaka kwenye jukwaa la stesheni. Nilikuwa na neno ninalolisubiri tangu nimfikishe hospitali, unalijua, wala si refu. Tumesimama bega kwa bega, watu wanapita na mizigo yao. Treni ikaingia. Akapanda kidato kimoja, akasimama, akasema huku anatazama viatu vyangu, "Asubuhi barabara ina barafu. Usiondoke mapema."

Ndilo hilo tu, dada. Halikuwa lile neno. Nikakasirika jinsi lilivyokaribia kunitosha, miguu yangu ikaanza kusogea upande wake kama inavyosogea siku zote. Kwa hiyo sikungoja milango ifungwe. Niligeuka nikaenda kwenye gari.

Mdogo wako,
Tamie