Kifungo cha Pili Kutoka Juu

Kwako kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi chako kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Magoti ya Mama yanalalamika kila mvua ikikaribia, na macho yamezidi kufifia, lakini mdomo wake hauna hata mkunjo mmoja. Jana alimgombeza fundi bomba kwa kutufungia mfereji uliopinda, na yule bwana mzima akaufungua akaanza upya.

Najua unachongojea. Miezi mitatu sasa tangu uniombe, kwa heshima zote za mwandishi mkubwa, niandike ile sura ya mwongozo wa kitabu chako inayohusu vitu vinavyojirudia na maana zake, kwa kuwa mimi ndiye ninayekisomesha kila mwaka. Mchapishaji anaitaka mwisho wa mwezi. Umeniuliza mara mbili imefika wapi, na mara zote mbili nimekujibu habari za mvua. Si uvivu, kaka. Soma mpaka mwisho, usiruke kurasa kama unavyoruka dibaji za wenzako.

Sura niliianza, tena vizuri. Niliandika kwamba kitu kikitajwa mara moja hadithini ni kitu tu, sawa na kiti au sufuria. Kikirudi, msomaji anakikumbuka. Kikirudi tena pale asipokitegemea, ajue mwandishi amemshika mkono anampeleka kwenye jambo asilotaka kulitamka. Kisha nikakihesabu kifungo chako. Kinatokea mara saba. Kwanza baba anasimama mbele ya kioo siku ya safari na shati lake jeupe halina kifungo cha pili kutoka juu. Anamuuliza mkewe, na mke anajibu neno moja, kwamba amesahau. Baadaye mtoto wao anahesabu vifungo vya bwana harusi badala ya kusikiliza hotuba. Mwisho kabisa, akiwa mtu mzima, ananunua shati jipya na kukinyofoa kifungo cha pili kwa mkono wake. Hapo wanafunzi wangu hulia, kila mwaka, hata wale watukutu wa nyuma.

Nami nilikuwa nikisoma narudi kwenye chumba chetu kile cha kupanga. Unakumbuka meza ya Baba chini ya dirisha, saa za watu zimelala kifudifudi juu ya gazeti, kila moja na kikaratasi chake? Tulikatazwa kukimbia ndani, kwa sababu kigurudumu cha saa kikianguka ndiyo basi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukitembea kwa vidole kama mwizi. Mimi nilikuwa na saba, na Mama alikuwa ameshanibatiza Chiriku, kwa sababu nilinyamaza nikiwa nimelala tu. Mama akipiga pasi, chumba kizima kilinukia shati lenye joto. Harufu hiyo mpaka leo ikinipata barabarani, nasimama.

Wasomaji wamekielewa kitabu kama ulivyotaka. Kila mwaka nasahihisha karatasi mia na zaidi zinazosema kwamba kifungo ni ishara ya mke asiyejali, kwamba mwanamume anayeondoka akijua hapendwi hana sababu ya kurudi. Wanaandika mama yule ni mzembe, ana moyo wa jiwe. Nami naweka alama ya vema, maana ndivyo kitabu kisemavyo. Mwezi uliopita nilimpeleka Mama kliniki ya macho, na muuguzi, binti mwenye adabu zake, alipoona jina la ukoo akamuuliza kama ndiye yule mama wa nimesahau. Mama alicheka, akamwambia ndiye. Njia nzima ya kurudi hakusema kitu, na unamjua, Mama kunyamaza ni jambo la kuitiwa daktari.

Sasa sikia kilichonishika mkono nisimalize sura. Darasani kwangu kuna msichana, baba yake ni fundi cherehani. Haandiki insha za kutisha, ila anauliza. Aliinua mkono akasema kuna kitu hakielewi. Kitabuni umeandika kwamba mahali pa kifungo palibaki vinyuzi vifupi, vimelingana kama nywele za mtoto aliyetoka kunyolewa. Akasema kifungo kikilegea na kudondoka, uzi hubaki mrefu na mfupi, umechakaa ncha. Uzi uliolingana umepitiwa na mkasi. Akauliza ni nani katika nyumba ile aliyekuwa na mkasi, na kwa nini mwandishi hakusema.

Darasa likacheka. Mimi nilijifanya natafuta chaki. Umeyarudia maneno hayohayo ya vinyuzi mara nne, kaka, kwa uaminifu wote, kwa sababu ndivyo ulivyoona. Uliona kila kitu siku ile. Mtu mmoja tu ulimkosea: mdogo wako ulimlaza usingizi nyuma ya pazia.

Sikuwa nimelala.

Nilimsikia Baba siku mbili kabla akimwambia Mama kwamba mtu hawezi kwenda kuanza kazi mji wa watu kifua wazi, shati lazima liwe kamili. Nikayashika hayo maneno. Asubuhi ile Mama alipotoka kuteka maji, shati lilikuwa limening'inia mlangoni, bado lina joto la pasi. Nilipanda kwenye kigoda, nikachukua mkasi kwenye kapu la Mama, nikakata. Nilidhani nimemaliza kazi. Shati si kamili, Baba haendi. Akili ya miaka saba hiyo. Nikarudi kitandani na kifungo mdomoni, nikavuta shuka. Yaliyofuata umeyaandika mwenyewe: Baba mbele ya kioo, gari linangoja, Mama anaambiwa hata kifungo jamani, naye anasema amesahau kukishona. Baba akaondoka na hasira. Barua zikaja mwaka mmoja, kisha zikakatika, na wewe ukaanza kumtazama Mama kwa jicho lile ambalo hujalibadilisha mpaka leo. Mimi Chiriku, msema hovyo wa familia, neno hilo moja nimelimeza miaka thelathini na minne. Uliponitumia kitabu kipya kabisa, chenye sahihi yako, nikasoma nilichokifanya, niliogopa zaidi. Nisamehe. Nimekuacha umhukumu mtu asiye na kosa, na wanafunzi wangu nimewafundisha wamhukumu.

Jambo jingine. Tangu macho yake yapungue, Mama ananitaka nimsomee kitabu chako kila jioni baada ya chai. Nimekuwa nikiviruka vile vifungu saba. Juzi akanikatisha, akauliza mbona baba wa kitabu hiki anasafiri bila shati. Ikabidi nifunge kitabu nimwambie yote, huku nalia kama mtoto. Hakushtuka. Alisema alirudi na ndoo akaniona nashuka kwenye kigoda, mkasi mkononi. Nikamuuliza kwa nini basi alijisingizia. Akasema Baba alikuwa ameshapandwa na hasira, na hasira lazima imwangukie mtu, na katika nyumba ile mtu mzima aliyebaki alikuwa yeye. Akasema pia alijua wewe umemsikia akisema amesahau. Alidhani ukikua utauliza. Ukakua, ukaandika kitabu.

Kisha, unamjua Mama, akacheka mpaka akafuta macho. Akasema mwandishi mzima, anasomwa shule zote, na hajui uzi uliodondosha kifungo na uzi uliopitiwa na mkasi. Hakutaka ubadilishe hata mstari. Anasema kitabu ni chako na machungu yalikuwa ya kweli. Anachotaka ni uje kabla macho hayajazima kabisa, akuone umezeeka vipi. Si salamu ya mstari mmoja chini ya barua yangu. Uje.

Sura ya mwongozo sitaiandika mpaka uje. Nikiiandika kama wasomaji walivyozoea, nitakuwa nimemsingizia Mama mara ya pili, safari hii kwa maandishi yangu mwenyewe.

Kwenye bahasha, ndani ya karatasi ya daftari iliyokunjwa, utakikuta. Cha rangi ya maziwa, matundu manne, moja lina uzi bado. Nimekitunza kwenye kopo la chaki miaka yote hii. Mama amekipapasa kabla sijakifunga, akasema ukija njoo nacho, na shati lolote jeupe. Sindano nitamtungia mimi. Kukishona, anasema, bado hajasahau.

Wasalimie wifi na watoto, uwaambie bibi yao anawauliza. Mungu akufikishe salama.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku, mwenye mkasi.