Buku wa Ratili Kumi na Saba Nyuma ya Tangi la Maziwa

Shikamoo, Mama Thelma mpendwa. Mimi ni msomaji wako tangu nilipokuja Pennsylvania kufanya kazi ya kukamua, mwaka wa tatu sasa, na sijawahi kuandikia gazeti lolote, shule niliacha darasa la nane kwa hiyo nisamehe pale nitakapokosea, lakini jambo lililonipata sina wa kumwambia, kwa sababu yule niliyezoea kumwambia mambo yangu yote ndiye anayetakiwa kufa Jumamosi ijayo, na wa kumpiga risasi ni mimi.

Huyo ni buku. Nasema wale panya wanene wa mashimo wanaosimama kwa miguu miwili katikati ya shamba la soya kama wamekuja kukagua, wenye meno ya mbele kama patasi na tumbo la kuburuza chini. Ninyi wenyeji mnawajua kuliko mimi. Kwetu Louisiana, chini kabisa kwenye vinamasi, tuna panya wa maji, mkubwa lakini hana urafiki.

Nakamua ng'ombe tisini, saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na katikati natoa samadi na kurekebisha uzio, na mchana nakula nyuma ya chumba cha tangi la maziwa kwa sababu pale kuna kivuli na feni ya tangi inavuma, na mtu mwenye mawazo anapenda kelele isiyomuuliza kitu. Mke sina, aliondoka na fundi wa mafriji mwaka ule wa kimbunga, na friji pia waliondoka nalo. Basi masika ya mwaka jana buku mmoja akatoka chini ya ukuta wa tangi, akasimama, akakunja mikono tumboni kama mtu anayesubiri kupakuliwa kwenye chakula cha kanisa. Nikamtupia kipande cha mkate wa mahindi, ninaoupika mwenyewe kwa mafuta ya nguruwe kama alivyopika mama. Akala kwa mikono miwili akinitazama. Kesho yake akarudi. Nikamwita Mjomba Placide, kwa sababu ana tumbo na meno ya mjomba wangu marehemu, na kama mjomba wangu, ukimsimulia shida zako anaendelea kutafuna.

Nikamwongezea pumba za ng'ombe zenye molasi. Nikamwongezea tikiti. Mama, nakiri, nilimwongezea hata pai.

Sasa kuna Verna. Verna ni dada wa bosi wangu Lester, mjane, dereva wa basi la shule, na shule zikifungwa anakuja shambani karibu kila siku na pikapu yake kuwinda buku. Analala kifudifudi vumbini, bunduki juu ya mfuko wa mchanga, peremende shavuni, halafu yuko kimya mpaka unadhani amesinzia, ndipo unasikia mlio mmoja na mbali kule karibu na uzio kitu kinaanguka. Lester anasema Verna hakosi, akikosa ni risasi ndiyo mbovu. Mimi nampenda. Nimemwambia Mjomba Placide tu.

Siku moja mezani Verna akaniuliza, "Louisiana, huko kwenu mnawinda nini?" Wote hapa wananiita Louisiana. Nikasema panya wa maji. Akasema, "Umeshaua wangapi?" Na mimi badala ya kusema ukweli, kwamba binamu yangu ndiye alikuwa mpigaji, kazi yangu ilikuwa kuendesha boti na kuchuna ngozi, nikasema, "Nani anahesabu?" Lester akapiga meza. "Umesikia hiyo, Verna? Nani anahesabu!"

Ukweli ni kwamba bunduki ikilia mimi hufumba macho. Yote mawili. Na huwa nayafumba kabla haijalia.

Jumapili iliyofuata baada ya kanisa Verna akaweka dumu tupu la maziwa hatua mia moja, akanipa bunduki yake yenye darubini ndefu kuliko mkono wangu, akasema haya tuone. Nikalala, nikafumba, nikavuta. Dumu likabaki limesimama linanicheka. Lakini Lester aliyekuwa na darubini ya macho akaanza kupiga kelele, "Kule juu! Kule kwenye mawe! Amempata!" Tukaenda, na kweli, buku mkubwa amelala chali nyuma kabisa ya shamba, ambaye hakuna aliyekuwa amemwona, mimi ndiyo kabisa. Verna akapima na kile kipima umbali chake. Yadi mia tatu na kumi na mbili.

"Uliliacha dumu, ukachagua buku," Lester akasema.

Nikasema, "Dumu halili soya."

Mama Thelma, sijui yale maneno yalitoka wapi. Verna alinitazama kuanzia kofia mpaka buti, akageuza peremende shavuni akasema, "Siku ya mashindano nitakaa kando yako nikusomee upepo unavyosukuma risasi."

Mashindano ni yale ya kikosi cha zimamoto, ya buku mzito kuliko wote, timu ya watu watatu. Lester hajashinda hata mara moja na jirani yake Elwood ana makombe manne juu ya televisheni yake, na kila akija kuazima kitu anasema, "Les, ulishawahi kuona kombe kwa karibu?" Basi timu ni Lester, Verna na mimi. Nikajisemea, sawa, nitafumba macho Jumamosi moja, mashamba ni makubwa, nani atajua.

Halafu Jumatano iliyopita Lester akaenda nyuma ya tangi kuangalia bomba, akaniita.

"Louisiana, njoo uone shimo hili. Hili si shimo, hili ni gereji."

"Labda ni mbweha, bosi."

"Mbweha gani ana matako hayo?"

Maana Mjomba Placide alikuwa anaingia, na matako yalikuwa yamekwama. Aliyajaribu upande huu, akayajaribu upande ule, mwisho yakapita. Lester akavua kofia. Akanong'ona kama yuko kanisani, "Ratili kumi na saba. Mungu wangu. Hapungui kumi na saba." Elwood mwaka jana alishinda na kumi na nne.

Sasa amri imetoka, hakuna kumgusa mpaka Jumamosi ya mashindano. Lester amepanga kila kitu. Pikapu itaegeshwa kwenye barabara ya trekta, yadi mia mbili, mimi nimelala kwenye bodi ya pikapu na bunduki, Verna kando yangu, Lester nyuma anaomba Mungu. Na anasema lazima niwe mimi, kwa sababu ya ile risasi ya mia tatu na kumi na mbili.

Nimejaribu kumfukuza Mjomba. Nilipiga ndoo kwa nyundo nikimpigia kelele aondoke. Alitoka mbio, akasimama, akakunja mikono, akasubiri chakula. Na mimi, Mama, nikampa, kwa sababu uso wake ulikuwa na matumaini.

Kuna jambo jingine linalonikaba. Mwaka jana mtamba mzuri wa Lester alikanyaga shimo la buku akavunjika mguu, ikabidi achinjwe, na Lester alilia nyuma ya trekta akidhani hatumwoni. Nikisema kwamba mimi ndiye nimekuwa nikimlisha buku chini ya jengo lake kwa mkono wangu mwaka mzima, atanifukuza. Nikisema siwezi kupiga, Verna atajua mimi ni mwongo, na hatanitazama tena vile. Nikikaa kimya inabidi nimpige Mjomba Placide akiwa amesimama ananitazama, akidhani nimemletea kitu. Nilifikiri nikose kwa makusudi, lakini mara ya mwisho nilipolenga kitu kingine unajua kilichotokea. Nikilenga pembeni naweza kumpata, nikimlenga yeye naweza kumpata bosi.

Na bado siwaelewi watu wa huku. Kila Februari, kwenye sikukuu yenu ya buku, mnamtoa mmoja shimoni mbele ya wanaume wenye kofia ndefu nyeusi, mnamuuliza habari za hali ya hewa kwa heshima zote, halafu Juni mnawalalia ndugu zake kifudifudi na bunduki. Si lawama, nauliza tu.

Nisaidie, Mama. Nimpoteze Verna au nimuue Placide?

Ni mimi niliyebanwa,
Msiri wa Buku


MAMA THELMA ANAJIBU

Marahaba, Msiri wa Buku. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kulikoni, ya pili sikucheka sana. Mwanaume mzima anakula peke yake miaka mitatu nyuma ya tangi la maziwa mpaka anamwita panya mjomba. Pole, mwanangu. Hilo nalisema kwanza ili ulikumbuke nikianza kukugombeza.

Naanza. Umelisha mnyama wa mashimo chini ya ukuta unaobeba tangi zima la maziwa. Pai! Unajua mwenyewe mguu wa mtamba ulivyokwisha. Huyo buku hakuwa na njaa, ana shamba zima la soya mbele ya mlango wake. Mwenye njaa ulikuwa wewe, ya mtu wa kuongea naye, ukaitibu kwa kumnenepesha mwingine.

Pili, bunduki. Hapa sitanii. Unataka kulala kwenye bodi ya pikapu na bunduki iliyojaa risasi, umefumba macho yote mawili, mwanamke unayempenda yuko kando na kaka yake yuko nyuma? Ile yadi mia tatu na kumi na mbili wewe unaiita bahati. Mimi naiita risasi iliyopita shamba zima bila mtu kujua inakwenda wapi. Kungekuwa na trekta kule kwenye mawe, leo ungeniandikia barua nyingine, kutoka mahali pengine. Hutaigusa bunduki yoyote Jumamosi. Hilo limekwisha, usinijibu.

Sasa nikuambie jambo usilolijua kwa sababu hujawahi kufika kwenye mizani ya zimamoto. Miaka ya nyuma mtu alileta buku wa ajabu, mfupi lakini mzito kama tofali, wakamgeuza akatoa mdomoni vipande vya madini ya risasi, vile vya wavuvi vya kuzamishia ndoana. Alikuwa amejazwa. Tangu siku hiyo mshindi hapewi kombe mpaka mkuu wa kikosi ampasue tumbo palepale mezani, mbele ya wote, na buku aliyelishwa na mtu hatambuliwi. Na huyo bosi wako, kama ni yule ninayemdhania, ndiye aliyesimama ukumbini akadai sheria hiyo, akapiga meza hivyohivyo unavyomjua. Umeshaona? Mnampeleka Placide, ratili kumi na saba, watu wanashangilia, kisu kinapita, na ndani kuna mkate wa mahindi, molasi na tikiti. Elwood yuko mstari wa mbele. Lester hatainua tena uso wake katika wilaya hii, na atakuwa hajui hata amekosa nini.

Kwa hiyo swali lako si swali. Ukimpiga, Lester anaaibika. Ukikosa, anatafuta njia ya kumpiga kesho yake. Kunyamaza kwako hakumwokoi mtu yeyote, hata huyo buku.

Fanya hivi. Nenda kwa Verna kwanza, kisha mwende wote wawili kwa Lester. Mwambie Lester sentensi tatu: nimemlisha, hafai kwa mizani, nisamehe. Usimsimulie habari za uso wenye matumaini. Atapaza sauti, mwache apaze, mtamba aliyekufa alikuwa wake. Halafu mwambie utajaza shimo kwa mikono yako na mawe, kwa saa zako za kupumzika, na ulijaze. Mtu anayekamua ng'ombe tisini mara mbili kwa siku bila kuchelewa hafukuzwi hovyo mwezi wa soya, Lester anajua hilo akishapoa.

Chakula, komesha leo. Si kupunguza, kukomesha. Placide atasimama siku mbili, tatu, akikunja mikono, na utaumia, vumilia. Siku ya nne ataenda shambani kutafuta majani kama wenzake, ndipo uzibe shimo. Huko akipigwa, apigwe kama buku, si kama mgeni wako aliyeitwa mezani. Na kuhusu Februari, usitutafutie maelezo. Hata sisi hatuna.

Nimebakiza Verna, kwa sababu ndiye uliyeniandikia kwa ajili yake, hao wengine ni kisingizio. Wewe unadhani hajui. Mwanamke amepiga bunduki miaka thelathini, amekaa hatua moja kutoka kwako, umelala chini uso umekunjwa kama mtoto anayemezeshwa dawa. Lester alikuwa anaangalia shamba. Yeye alikuwa anakuangalia wewe. Mpigaji yeyote anamjua anayefumba macho, ndilo jambo la kwanza tunaloangalia. Aliona, akanyamaza, akasema atakaa kando yako. Sasa tulia ujiulize kwa nini mtu asiyekosa shabaha achague kukaa kando ya mtu asiyejua bunduki inatazama wapi.

Mwambie hivi: "Verna, sijui kupiga. Nilisema uongo ili unitazame." Basi. Usiongeze habari za vinamasi. Akikuchekea, kaa ucheke naye. Akikukasirikia, omba radhi umpe siku zake. Akikuambia yuko tayari kukufundisha, kubali, na siku hiyo fungua macho.

Majina yote nimebadilisha, hata Louisiana si Louisiana. Lakini buku wa ratili kumi na saba aliyekwama matako nyuma ya tangi la maziwa sikuweza kumbadilisha, wasomaji wangu hawangenisamehe, na Verna ni msomaji wangu. Gazeti hili hufika kwenye masanduku ya barua Alhamisi saa nne asubuhi. Kama unalisoma sasa, na yeye analisoma sasa. Liweke chini, nawa mikono, mfuate kabla hajafika mwisho wa ukurasa.