Chaza wa Mdachi

Dada Mwanaidi, shikamoo. Mimi mzima, na Bagamoyo nzima yanijua.

Mdachi mmoja alitafuta mpishi. Nikamwambia chaza nimewapakulia mabalozi wote wa Unguja. Uongo, lakini wenye adabu. Akanipa chaza wa kunijaribu, nikawapika kwa nazi. Akawamwaga: "Chaza huliwa mbichi! Rudia, au nenda zako." Ustaarabu huo! Nikawafungua kwa kisu, nikawatia siki, vitunguu na pilipili. Wa kwanza akanisukumia mimi: "Onja, utoe sumu. Si ndiyo desturi yenu?" Siki ilimchoma chaza akajikunyata, yu hai. Nikafumba macho, nikameza. "Mtamu, bwana!" Kazi nimeipata.

Nakukumbuka sana, dada. Nikija Idi, nipikie kitu kilichokwisha kufa.

Mdogo wako,
Athumani