Mtu wa Kurudi

Mjukuu wangu Njoki,

Habari za huko Membley, Ruiru? Sisi hapa Ngoingwa tuko sawa. Ng'ombe amezaa, na mguu wangu umetulia.

Unaniuliza kama kampuni yako ya sola itakufa, maana wawekezaji wanajitoa na stima inafika kila kijiji. Pole sana, mami. Guka yako, mume wangu, alikuwa akiuza taa za mafuta. Stima ilipofika hapa, hakuna aliyenunua tena, lakini yeye aliendelea kupita nyumba kwa nyumba akirekebisha zile alizouza zamani. Nilimcheka. Alipoanza kuuza balbu na redio, wote walikuja kwake. Walimjua ni mtu wa kurudi.

Ile sola uliyonifungia imezima tangu mvua ianze. Na Ruiru si mbali.

Ni mimi, Cucu