Katambuga Nilizokufichia

Baba, shikamoo.

Ni mimi binti yako wa pili, yule uliyesema ana mdomo mpana kuliko mlango wa zizi. Naogopa, Baba. Sina mwingine wa kumwambia, maana hapa Mandewa wanangu wakijua naogopa wataogopa kunizidi, halafu watanikalisha.

Unakumbuka moyo wako ulipoanza kuchoka kule Sepuka? Ulirudi kutoka hospitali ukasema daktari amekuagiza utembee kila siku, kidogo kidogo. Nikasema daktari gani huyo, mgonjwa wa moyo atembee? Nikakuwekea kiti kivulini, nikachukua katambuga zako, zile sandali za matairi, nikazizamisha kwenye pipa la mbegu za alizeti. Ulizitafuta siku mbili. Siku ya tatu ukanitazama tu, ukasema, "Hata maksai hafanyiwi hivi." Nikacheka, nikakuletea uji.

Sasa ndiyo naelewa. Kila mwaka kabla ya mvua uliwafunga nira maksai waliokaa muda mrefu, ukawazungusha kidogo bila plau, ukawarudisha zizini. Kesho yake unaongeza. Hukuwalimisha kutwa siku ya kwanza, wala hukuwaacha wamelala mpaka wasahau kazi. Na mimi nilikuwepo, nimeshika kamba ya mbele.

Hukufia njiani, Baba. Ulifia kwenye kiti nilichokuwekea mimi. Sijui kama kutembea kungekuokoa, na hakuna wa kuniambia.

Mwaka huu zamu imekuwa yangu. Nilivimba miguu, nikawa silali bila mito mitatu. Kipimo kikaonyesha misuli ya moyo imelegea, haisukumi damu inavyotakiwa. Nikapewa vidonge, na hali ilipotulia wakanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi, binti mdogo tu, mpole. "Mama, miguu ikizoea kazi, moyo hauteseki sana kuihudumia," akaniambia. "Na moyo wenyewe unaweza kuongezeka nguvu." Nikamuuliza, je, moyo ukisimama njiani? Akasema nitembee mwendo ambao bado naweza kuongea. Nikishindwa kumaliza sentensi, nisimame nipumzike.

Wiki iliyopita nilifika nguzo ya tatu ya umeme. Moyo ulipiga mpaka masikioni, nikarudi nimeshikilia ukuta wa jirani. Jana nikakuta raba zangu hazipo. Binti yangu Neema alikuwa amezificha kwenye ndoo ya unga. Nilitaka kumgombeza, si unanijua, lakini mdomo ulikataa. Nilikaa sakafuni nikalia.

Leo natakiwa nifike mashine ya kusaga. Raba nimeshavaa. Barua hii naiandika ili nichelewe kutoka, nakiri. Nikiinuka naweza kupona, na nikiinuka naweza kuanguka mbele ya wanaosubiri unga wao. Nikikaa, najua kiti kinafanya nini.

Neema amekubali kunifuata nyuma, ila yeye akiogopa huwa bubu. Kwa hiyo nitaongea na wewe njia nzima, watu waseme nimechanganyikiwa. Nitaanza kwa kukuomba radhi kwa zile katambuga hapo hapo mlangoni. Nikinyamaza katikati, usije kunipokea, Baba. Nitakuwa nimesimama kupumua tu.

Mwanao mwenye mdomo,
binti yako wa pili.