Kijiti Juu ya Paa la Zilpah

Jumapili, 2 Machi 1997

Leo tumezindua Mwezi wa Kutumikia hapa Kosele. Wazo ni langu, kwa hivyo na lawama zitakuwa zangu. Kila familia ya kanisa, wazazi na watoto pamoja, imeokota kikaratasi kikapuni chenye jina la mtu wa kuhudumiwa. Niliwaambia watoto wa Sunday school kwamba huwezi kujua Mungu alikuumbia nini kama hujawahi kumbebea mwenzako maji. Wakaitikia amina hadi mabati yakatetemeka. Pasta Barnabas alinisifu mbele ya watu wote. Nilijifanya sikusikia — nilisikia vizuri sana.

Jumatano, 5 Machi

Huduma imeshika moto. Familia tatu zimefagia uwanja wa Pasta. Uwanja ule ule! Baiskeli yake imeoshwa mpaka mnyororo unalia. Nimeuliza nani aliokota jina la Pasta kikapuni. Hakuna.

Lakini kikaratasi cha Zilpah kinazunguka tu. Zilpah ni mjane, mumewe alizikwa mwaka juzi. Nyumba yake ya nyasi inavuja, mvua ikinyesha watoto wanalala wamekaa. Mzee Cephas ndiye aliyemwokota. Akasema mgongo. Akapewa Paul, naye akasema goti. Wa tatu amesafiri Rusinga na hajasema atarudi lini. Akina mama wako tayari kupeleka unga na kuni. Paa — kimya. Wanaume waliookoka wa Kosele wanaugua kwa zamu.

Nimekasirika nikakichukua mwenyewe. Mume wangu Nchagwa ni fundi, na sisi tumetoka Migori upande wa Ukuria, hatuna magoti ya aina hiyo. Akauliza, mbona watu wa hapa hawataki? Nikamwambia, uvivu, Baba Liz. Uvivu mtupu.

Jumamosi, 8 Machi

Paa limekwisha! Watoto wa Sunday school walibeba nyasi wakiimba, Liz wetu mbele. Nchagwa alikuwa juu tangu asubuhi. Majirani walisimama nje ya ua, hakuna aliyeshika hata kamba. Zilpah mwenyewe aliniuliza mara mbili, Mwalimu, mna hakika? Nilidhani ni adabu.

Nchagwa akiwa kwenye kazi hapendi kuacha kitu nusu. Alipofunga nyasi za juu kabisa aliona pale kileleni hapana kitu, pamekaa kama chupa isiyo na kizibo. Akachonga kijiti kirefu, kimenyooka, akakichomeka katikati. Mama mmoja pale uani akajishika mdomo. Wengine wakaondoka haraka. Zilpah akalia. Nikawaambia watoto, mnaona furaha ya mtu aliyetumikiwa?

Zilpah alimpikia Nchagwa samaki. Njia nzima ya kurudi ni samaki, samaki. Na mimi najua kupika samaki, nikiamua.

Jumatatu, 10 Machi

Ningependa ardhi inimeze, lakini Kosele ina mawe mengi.

Sokoni wauza vitunguu walikuwa wananiangalia wakicheka chini chini. Mwishowe Beverly, mwenyekiti wetu wa akina mama, akanivuta kando. "Mwalimu, wewe kweli ulikuwa unafikiria mgongo ya Cephas inauma?"

Akanieleza. Kwa Wajaluo kile kijiti cha kileleni kinasema ndani ya nyumba kuna mwanamume. Akifa, kinatolewa. Nyumba ya mjane haiguswi paa mpaka arithiwe, na anayepanda kuitengeneza na kurudisha kijiti ni yule aliyemrithi — jater. Mtu mzima akiambiwa apande pale anasema mgongo, na kila mtu anaelewa. Kila mtu isipokuwa Mwalimu Mellen.

Kwa hivyo Jumamosi, mchana kweupe, nilimwozesha mume wangu. Na kwaya ya watoto nilileta mwenyewe.

Nimemwambia Nchagwa. Amecheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Mke bila ng'ombe hata mmoja! Wazee wa kwetu wakisikia watahamia huku wote." Mimi sikucheka. Nilimuuliza kama wale samaki walikuwa watamu hivyo kweli.

Jumatano, 12 Machi

Pasta amekuja nyumbani. Ameeleza kwa Maandiko kwamba sisi hatuamini mambo ya kijiti. Kijiti ni mti tu, hakina nguvu yoyote. Kwa sababu hiyo lazima kitolewe haraka iwezekanavyo.

Alikuja na Jacktone, shemeji yake Zilpah, mdogo wa marehemu. Jacktone hajakanyaga kanisani tangu harusi ya mtu fulani, lakini leo walikaa benchi moja wakiitikiana kama mashemasi. Imeamuliwa Jumapili baada ya ibada twende wote, Nchagwa apande akitoe, watoto waimbe. Nimekubali upesi. Nilifurahi kweli, nisijidanganye. Nilitaka kile kijiti kishuke hata kuliko Jacktone.

Ijumaa, 14 Machi

Zilpah amekuja na kuku mkononi. Nilipofungua mlango akasema, "Nyieka, hujambo?"

Hilo neno nalijua. Ni mke mwenza. Nusura nimfungie.

Akaingia, akakaa, akamfunga kuku kwenye mguu wa meza. Akaniomba nisikasirike, alikuwa anajaribu tu jinsi neno linavyosikika. Halafu akasema aliyokuja kusema. Tangu mumewe afe, Jacktone anabisha mlango wake. Akikataa, Jacktone anasema sawa, mvua itakuleta. Yeye ndiye anawakumbusha wanaume wote kwamba lile paa haliguswi. Na Jacktone amezika wake wawili, wote walikonda hivyo hivyo kabla ya kufa, na kwenye matanga yote mawili watu walisema ni malaria.

"Mwalimu, mimi sitaki mume yako," akaniambia. "Nataka tu hiyo kijiti. Tangu Jumamosi huyo mtu hajabisha. Anaona mahali imeshikwa."

Nikamuuliza, sasa wewe unataka tufanye nini? Hakuna, akasema. Baba Liz asipande. Na mimi ninyamaze, watu waendelee kuamini. Nikauliza, mpaka lini? Akafikiri kidogo. Mpaka watoto wamalize shule. Wa mwisho yuko nasari.

Nikamwambia nitaomba. Hilo ndilo jibu letu tukitaka kukataa bila kuonekana tumekataa, na Zilpah amekaa kanisani miaka mingi, analijua. Akashukuru. Kuku akamwacha.

Nina wivu. Niandike tu, hapa hakuna mtu. Yeye ni mrembo kuliko mimi, anapika vizuri, na soko lote litamwita mwenzangu. Huduma niliyofundisha ilikuwa ya maji na kuni — kazi ya saa moja hivi, halafu unarudi nyumbani ukijisikia vizuri. Hakuna aliyenitajia kwamba mtu anaweza kukuomba jina la mume wako.

Jumamosi, 15 Machi

Nchagwa anasema yeye hana neno. "Wewe ulinipandisha, wewe utasema nishuke." Amerudi kwenye randa yake. Afadhali angepiga kelele.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Nilipita kwa Zilpah, nikasema natafuta kuku wangu, na kuku wangu wamefungwa. Ndani pakavu kabisa. Watoto wake walikuwa wamelala chali katikati ya sakafu, mikono wameitupa huku na huku. Nilisimama pale mlangoni nikiwaangalia mpaka Zilpah akanipa kiti.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda ibadani. Nimesema kichwa. Nimeanza kuwaelewa wenye migongo.

Naandika nimekaa kitandani, mlango wazi kidogo. Wamefika. Namsikia Pasta, namsikia Jacktone, na kwaya yangu ya watoto imejaa uani ikisubiri kuambiwa iimbe nini. Wanataka ngazi. Kosele nzima, ngazi inayofika pale juu ni ya Nchagwa peke yake. Nchagwa anawaambia ilikuwa hapa ukutani jana, na anasema kweli, maskini. Hajui kitu.

Iko ndani ya miwa ya Zilpah. Tuliibeba asubuhi na mapema, yeye mbele mimi nyuma. Ni nzito kuliko nilivyodhani, bega bado linaniuma. Nilidhani hakuna aliyetuona. Niligeuka langoni nikamkuta Liz na ufagio wake, ananiangalia.

Liz. Nimemfundisha mwenyewe kwamba mtoto wa Mungu hasemi uongo, na alipata zawadi kwa kulikariri fungu hilo.

Sasa Pasta anamuuliza yeye. Liz, mtoto mzuri, ngazi ya baba iko wapi?

Liz anajibu upesi, kama anakariri fungu.

"Imeenda kutumikia, Pasta."

Kutumikia nani? — hiyo ni sauti ya Jacktone, na imekaribia mlango. Liz anasema mama yuko ndani, aulizwe mama.

Natafuta viatu nitoke nimwambie Jacktone mwenyewe pale pameshikwa