Persimoni za Bunnyeo

Jumatatu, 4 Novemba

Baridi kavu. Umande umeganda hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo. Nilimwambia dada yangu Bunnyeo — menya zote leo, baridi imeshaingia na haitoki. Tumemenya persimoni elfu nne na kuzitundika kwa kamba juu kwenye banda la kukaushia. Tunda hili likishamenywa hukauka kwa baridi; likikutana na joto, huoza. Tangu mumewe afariki, hizi ndizo zinazomvusha mwaka. Majirani bado wanasubiri. Wasubiri. Mimi jeshini nilinusa theluji siku tatu kabla haijaanguka, kapteni akanipigia saluti mbele ya kikosi kizima. Keshokutwa narudi zangu mjini Daegu.

Jumanne, 5 Novemba

Joto. Nimevua sweta saa nne asubuhi. Bunnyeo kaniuliza, "Kaka, hii ndiyo baridi yako?" Nikamwambia inavuta pumzi.

Jirani Chilbok alisimamisha pikipiki langoni. Anataka kumenya zake, ila anamsikiliza mtabiri wa hewa wa redioni. Nikamwambia yule kakaa chumbani, hana hata dirisha. Alicheka, akaondoka ameshakubali. Sikumlazimisha.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Nyembamba, vuguvugu, kama maji yaliyooshea vyombo. Basi la saa tatu limepita. Sikupanda. Ningepandaje? Wangesema nimekimbia.

Persimoni zinatoka jasho. Mpwa wangu Suyeon — miaka kumi na tisa, ulimi wembe — kasema, "Mjomba, pua yako ina mafua?" Mama yake hakumkemea. Hilo ndilo lililoniuma.

Alhamisi, 7 Novemba

Asubuhi jua. Mchana mvua ya mawe! Jioni ukungu, huoni hata choo. Hali ya hewa imelewa.

Kamba moja iliota kuvu. Niliitoa kabla hawajaamka, nikaifukia nyuma ya nyumba. Bunnyeo akapanda kuangalia.

"Kaka, kuna kamba imepungua."

Nikasema ndege.

"Ndege gani anayefungua fundo?"

Wapo. Niliwahi kuwaona milimani, wana midomo kama koleo. Lakini haukuwa wakati wake.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua. Nimesikia dukani: Chilbok alimenya zote juzi jioni, mvua inanyesha, eti nimesema baridi haitoki. Nimerudi kwa njia ya shambani. Sigara nimesahau kununua.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika huku juu bandani, nimepiga magoti kati ya kamba. Siwezi kushuka.

Tangu asubuhi nilikuwa hapa na feni mbili za kuazima. Nusu ya persimoni zimekwenda. Nusu nyingine bado ngumu, zikipata upepo zitapona. Bunnyeo yuko chini, anachambua zilizooza atengeneze siki. Chilbok kaingia. Nilimjua kwa kikohozi.

"Yuko wapi mnusaji wako?"

"Hayupo. Kaenda mjini."

Kasema hivyo bila kusita. Dada yangu, ambaye hajawahi kumdanganya hata mkopeshaji.

"Mke wangu tangu jana hali kitu. Nataka huyo mtu aje amwambie yeye mwenyewe, kwa mdomo ule ule."

"Chilbok, kuna aliyekushika mkono ukamenya? Mimi nilimenya kwa akili yangu. Nawe ulimenya kwa yako."

Si kweli. Bunnyeo alimenya kwa yangu. Siku ile alisema tungoje wiki moja, nikamwita mwoga.

"Basi namsubiri," kasema Chilbok. Nimesikia anavua viatu. Kakaa chini ya ngazi kabisa, naona upara wake kwenye mwanya wa mbao. Mvua imezidi. Bunnyeo anamimina chai, hana la kufanya.

Sasa hivi feni ya kushoto imezimika. Ndiyo tabia yake, haizunguki tena mpaka ipigwe kofi, na kofi lake husikika hadi langoni. Hewa imesimama. Persimoni iliyo mbele ya uso wangu imeanza kung'aa, tone linakusanyika chini yake.

Chini Bunnyeo kaacha kumimina chai. Naye kasikia imezimika.

Nimeinua mkono.